Kasri la Blarney si kasri: nyumba-mnara za Ireland zilijengwaje, na kwa ajili ya nani?

Kila baada ya muda picha ile hurudi kwenye simu zetu. Mtu kalala chali juu kabisa ya jengo la mawe, kichwa kinaning'inia kwenye uwazi, mzee mmoja kamshika kiunoni, naye anabusu jiwe. Maelezo yake huwa mafupi: mtalii akibusu jiwe la bahati katika kasri la mfalme, Ireland. Hapo ndipo ubishi huanza. Mfalme gani? Mbona kasri lenyewe limesimama kama tangi la maji, halina ua wa maana wala varanda? Mmoja atasema hiyo ni ngome ya vita. Mwingine ataapa kuwa ni mnara wa kanisa lililobomoka.

Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na aliyewachanganya wote ni mtafsiri. Waingereza wana neno moja, castle, wanalolibandika kwenye karibu kila jengo kongwe la mawe lenye meno meno juu ya kuta, liwe la mfalme, la jeshi au la mfugaji tajiri. Neno hilo likifika kwetu linageuzwa kuwa "kasri" bila kuuliza mwenye nyumba alikuwa nani.

Tuyapange majina kwanza. Kasri ni makao ya mtawala. Ngome ni jengo la ulinzi, na wakazi wake ni askari pamoja na silaha zao. Mnara ni jengo lolote refu na jembamba, hata ule wa simu. Jengo la kwenye picha ni aina ya nne, na kwa kuwa sina jina lake la kawaida kwa Kiswahili, hapa nitaliita nyumba-mnara: makazi ya familia moja yenye uwezo, yaliyojengwa kwa mawe, chumba juu ya chumba badala ya chumba kando ya chumba, kwa namna ambayo mgeni asiyealikwa atapata taabu kuingia. Shikilia hapo kwenye "familia". Ukiliachia neno hilo, kila tundu la jengo litaonekana mtego wa vita, na ndiko hadithi nyingi za waongoza watalii zinakozaliwa.

Hata sisi tumewahi kuteleza kwenye majina ya aina hii. Pale Kilwa Kisiwani tuna magofu tunayoyaita Husuni Kubwa, na husuni, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ngome. Lakini ukiingia unakuta kumbi, nyua na hodhi la kuogea lenye pembe nane: ikulu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ya karne ya 14. Sisi tuliita ikulu ngome, wao wakaita nyumba kasri. Tumetoka sare.

Sasa Ireland. Wafalme wa Uingereza walidai kuimiliki tangu karne ya 12, lakini kufikia miaka ya 1400 amri yao ilisikika sawasawa katika eneo dogo tu kuzunguka Dublin. Kwingine kote walitawala machifu wa koo za Waairishi, na mabwana ambao mababu zao walikuja na uvamizi wa karne hiyo ya 12 kisha wakaoa huko, wakajifunza lugha, wakawa wenyeji. Kila mmoja alikuwa na eneo lake na jirani asiyemwamini. Na utajiri haukuwekwa benki. Ulitembea kwa miguu minne. Aliyekulia Mara au Karamoja, akasikia wazee wakisimulia habari za wizi wa mifugo, hahitaji maelezo marefu hapa. Kundi la vijana linakuja usiku, linaswaga ng'ombe, linachoma paa la nyasi, na kabla jua halijapanda lishavuka mto.

Hiyo ndiyo hatari iliyozaa nyumba-mnara. Jengo lilikusudiwa kumzuia mwizi wa usiku mmoja, au jirani mwenye watu thelathini na hasira. Halikukusudiwa kuzuia jeshi la mfalme linalopiga kambi miezi sita.

Mwaka 1429, chini ya Mfalme Henry wa Sita, serikali ya Kiingereza huko Dublin ilitoa ahadi: raia mtiifu wa Dublin, Meath, Kildare au Louth atakayejenga mnara ndani ya miaka kumi apewe ruzuku ya pauni 10. Vipimo viliandikwa kabisa: urefu futi 20, upana futi 16, kwenda juu futi 40 au zaidi. Kwa mita ni kama 6 kwa 5, na kwenda juu 12. Chukua vyumba viwili vya kupanga vya uswahilini, ondoa ukuta wa katikati, kisha rundika nafasi hiyo hiyo mara tatu au nne kwenda juu. Mradi ndiyo huo.

Kwa muda mrefu watu waliamini ruzuku hiyo ndiyo iliyoijaza Ireland minara. Ramani inakataa. Minara imesongamana kusini na magharibi, Limerick, Tipperary, Clare, Galway, Cork, mahali ambapo senti ya mfalme haikufika na pengine isingepokelewa. Watu walijenga kwa fedha zao, kwa sababu jirani kajenga. Kati ya miaka ya 1400 na katikati ya miaka ya 1600 zilisimamishwa nyumba-mnara ambazo makadirio ya chini huziweka kwenye 3,000 hivi, katika kisiwa ambacho Tanzania ingekimeza mara kumi na moja. Kitu kikiwa kingi kiasi hicho hakiwezi kuwa kasri la mfalme. Wafalme wangetoka wapi?

Mnara wenyewe haukusimama peke yake kama tunavyouona leo. Kando yake kulikuwa na ua uliozungushiwa ukuta wa mawe, na humo ndani mabanda, ghala, jiko, wakati mwingine ukumbi wa mbao wa sherehe, na usiku ng'ombe. Kiswahili kina jina la ua huo bila kuhangaika: boma. Boma letu ni zizi, ni ua wa mji wa mtu, na baadaye likawa ofisi ya mkoloni. Lao nalo lilibeba karibu maana hizo zote, zizi na ulinzi kwa pamoja. Maboma mengi yamebomolewa, mawe yakajengea nyumba nyingine, ukabaki mnara tu. Ni sawa na kuhukumu nyumba ya mtu kwa kuona kabati lake la chuma.

Sasa tuingie ndani, tukitumia Blarney, karibu na mji wa Cork, kama mfano. Simulizi ya kawaida inasema mnara huu ni kazi ya Cormac Láidir MacCarthy, bwana wa Muskerry, mwaka 1446. Láidir maana yake ni mwenye nguvu. Ukoo wake ulitokana na wafalme wa kale wa Desmond, ufalme wa kusini mwa Ireland, kwa hiyo yule aliyeandika "kasri la mfalme" alikuwa na chembe moja ya utetezi. Jengo limeketi juu ya mwamba wa chokaa na lina karibu mita 27 kwenda juu. Ukilitazama vizuri utaona ni minara miwili iliyounganishwa: mwembamba ulitangulia, mnene ukaja kuegemezwa baadaye. Familia iliongezeka, wakaongeza nyumba. Hilo hufanyika hata Mbagala.

Chini kabisa kuta hutanuka kama pindo la gauni. Wengine watakwambia ni ili jiwe litupwalo kutoka juu ligonge mwinamo na kumrukia adui. Huenda mara moja moja lilifanya hivyo. Fundi mwashi yeyote atakupa sababu ya karibu zaidi: ukuta mrefu na mzito unahitaji kitako kipana ili usipasuke.

Mlango ni mmoja na ni mdogo. Katika nyumba nyingi za aina hii mbao za mlango zilikingwa na geti la nondo, na geti lilifungwa kwa mnyororo uliopitishwa kwenye tundu la ukutani ili avutaye awe ndani. Ukishapita hapo unajikuta kwenye kijichumba kama kabati, milango mingine iko mbele na kando, yote imefungwa, na ukiinua macho kuna tundu kwenye dari. Aliye juu anakuona, wewe humwoni. Tundu hilo lina jina la kutisha kwa lugha zao, tundu la mauaji, na bila shaka lingeweza kutumika hivyo. Siku nyingi za mwaka lilifanya kazi ya kamera ya getini: nani wewe, umefuata nini.

Ghorofa ya chini ni ghala: giza, baridi, nyufa nyembamba badala ya madirisha, nyembamba kwa nje na pana kwa ndani ili mwanga kidogo uingie na mshale upate njia ya kutoka. Hapakaliwi na mtu kwa hiari yake. Ukiwa hapo tazama juu, kwa sababu kuna kitu ambacho wageni wengi hukipita bila kukiona. Dari ni la mawe, limekunjwa kama tao refu, na kwenye chokaa yake kumegandamana alama za ukili, kana kwamba mtu amebonyeza jamvi kwenye zege bichi.

Ni alama za fito. Fundi akitaka kujenga tao la mawe lazima kwanza aweke kitu chini cha kulishikilia mpaka chokaa ikauke. Leo tungepiga mbao na milunda. Waairishi walisuka fito laini kama tunavyosuka ukuta wa nyumba ya udongo, wakazikunja juu ya viunzi, wakapaka chokaa, wakapanga mawe. Viunzi vikaondolewa, fito zikaoza au zikang'olewa, nakshi ya msuko ikabaki darini kwa miaka mia tano na zaidi. Binafsi alama hizo zinanigusa kuliko jiwe la kubusu. Jengo linalojidai la mawe matupu limezaliwa kwenye tenga.

Tao hilo lilikuwa na kazi yake. Sakafu nyingine zilikuwa za mbao, zikilala juu ya mawe yaliyoachwa yatokeze ukutani, na mbao huungua. Dari la mawe hukata moto usipande, na huruhusu kuwasha moto juu yake.

Kupanda ni kwa ngazi ya kuzunguka, na hapa tumefikia hadithi inayopendwa kuliko zote. Utaambiwa ngazi huzunguka kulia unapopanda ili adui, upanga mkono wa kuume, agongane na nguzo ya katikati, huku mwenye nyumba anayeteremka akipata nafasi ya kukata. Inapendeza masikioni. Ila maandishi ya zama zile hayana habari hiyo. Ilishika kasi mwanzoni mwa karne ya 20. Zipo pia ngazi za wakati ule zinazozunguka kushoto. Na hebu fikiria kidogo: adui akiwa tayari amevunja mlango na ghala la chini ni lake, ya nini kupanda akapigane na mtu mmoja mmoja? Atakusanya majani mabichi, awashe, asubiri moshi ufanye kazi.

Kuzunguka kwenyewe kuna sababu isiyo na mapambo. Ngazi ya aina hiyo huingia kwenye kona ya ukuta mnene bila kula sakafu, na nyumba yako ina mita 6 kwa 5. Aliyepanda mnara wa msikiti wa zamani kuadhini anaijua hesabu hiyo kwa magoti yake.

Jaji mmoja Mwingereza aliyefanya kazi Limerick, Luke Gernon, aliandika mnamo 1620 jinsi mgeni anavyopokelewa katika nyumba hizi. Anakiri kuwa ngazi ni nyembamba kwa ajili ya usalama, nyembamba tu, wala hasemi neno juu ya upanga au upande wa kuzunguka. Kisha anaeleza kuwa ukumbi ndio chumba cha juu kabisa. Mama mwenye nyumba anakulaki na watu wake, unaletewa vinywaji vya kila aina, na ukishapanda, anasema, huteremki mpaka kesho. Hivyo ndivyo walivyoishi: chini giza na magunia, juu mwanga, meko, muziki na pombe. Madirisha hupanuka kadiri unavyopanda, kwa sababu mwizi mwenye ngazi ya mita 15 ni nadra. Mwenye nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, duka chini na familia juu, angeelewa mpango huo bila kuelezwa.

Vijichumba vidogo vilivyofichwa ndani ya unene wa kuta huwatia watu mawazo: mahabusu, njia za siri za kutorokea. Kimoja au viwili vilikuwa vya kulala. Kile chenye benchi la jiwe na tundu linaloshuka mpaka nje ni choo. Anayetaka kutorokea huko namtakia heri.

Juu kabisa ndiko picha yetu ilikopigwa. Kuta za Blarney zikifika kileleni hazimaliziki wima. Zinajitokeza nje juu ya mawe yaliyopangwa kama mabega, na kati ya ukuta wa chini na ukingo huo umeachwa uwazi. Ni roshani isiyo na sakafu kamili. Aliyesimama hapo aliweza kuona na kuangushia kitu mtu anayechimba kitako cha ukuta bila kujitokeza yeye mwenyewe. Kitu gani? Sinema zimetuzoesha mafuta yanayochemka. Ireland haioti mizeituni. Mafuta yao yalikuwa siagi na mafuta ya wanyama, vitu vya kulia na kulipia kodi. Mawe yalikuwa bure, maji ya moto nayo karibu bure.

Na jiwe la kubusu, lile lenye kusemwa kuwa humpa mtu ulimi wa asali, limepachikwa upande wa pili wa uwazi huo huo. Ndiyo maana lazima mtu alale chali na kupenyeza kichwa. Anajipenyeza kwenye tundu la kutupia mawe, karibu mita 26 kutoka ardhini. Zamani alishikwa vifundo vya miguu. Siku hizi kuna nondo za kumkinga. Hadithi za asili ya jiwe hazina idadi: limetoka Yerusalemu, limeletwa kutoka Scotland, ni kipande cha mawe ya Stonehenge, lile duara la mawe ya kale huko Uingereza. Mwaka 2014 wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliotazama kipande chake chembamba kwa hadubini walitoa jibu lisilo na mahaba: ni jiwe la chokaa la hapo hapo, lenye umri wa miaka milioni 330 hivi. Fundi alilichukua mahali alipochukua mengine.

Kuna jambo la rangi pia. Tumezoea kuyaona majengo haya yakiwa ya kijivu, mawe nje nje, na tunadhani ndivyo yalivyokuwa. Mengi yalipigwa lipu ya chokaa na kupakwa, kama nyumba zetu za matumbawe za mwambao, kwa sababu ile ile: mvua. Upako ukadondoka kwa karne, tukazoea mifupa tukadhani ndiyo ngozi. Mwigizaji wa Uingereza Jeremy Irons, aliyeinunua nyumba-mnara ya Kilcoe, magharibi ya Cork, mwaka 1998, alipoikarabati akaipaka upya, rangi ikatoka kama ya udongo mwekundu uliofifia. Watu walishtuka, wakasema ameifanya ya waridi. Rangi yenyewe inaweza kujadiliwa. Kupaka hakukuwa kosa.

Kilichozimaliza nyumba-mnara ni mzinga. Ukuta mrefu uliosimama wima humzuia mtu mwenye ngazi na shoka, lakini kwa mpiga mzinga ni shabaha ambayo hata mlevi hawezi kuikosa. Ukitaka kuona jibu la waashi kwa mzinga huna haja ya kupanda ndege kwenda Ulaya, nenda Mombasa. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, haijaribu kuwa ndefu. Imejilaza chini, kuta zimenenepa, kona zimechomoza ili kila upande uulinde mwenzake kwa risasi. Ile ndiyo ngome kwa maana kamili ya neno. Kati yake na Blarney kuna karne moja na nusu ya baruti.

Blarney ilitekwa mwaka 1646 na Lord Broghill, kamanda wa upande wa Bunge la Uingereza katika vita vyake na mfalme. Miaka sita baadaye ikaja zamu ya Ross, nyumba-mnara ya ukoo wa O'Donoghue iliyo ukingoni mwa ziwa huko Killarney. Wenyeji walisema Ross haitaanguka mpaka meli ielee juu ya ziwa lile, jambo ambalo kwa ziwa la bara lilionekana sawa na kusema kamwe. Mwaka 1652 Jenerali Edmund Ludlow alileta mashua, akaziingiza ziwani na mizinga yake. Waliokuwa ndani wakasalimu amri.

Baada ya hapo ardhi ilibadilisha mikono kwa nguvu, na wenye mali wapya walitaka madirisha mapana na ngazi ambayo mtu anaweza kupanda na sahani mkononi. Wengine walijenga nyumba ya kawaida ikiegemea mnara wa zamani. Pale Blarney nyumba ya namna hiyo iliungua karibu mwaka 1820, mnara ukabaki. Wachache walirudi kwa mapenzi: mshairi W. B. Yeats alinunua mnara wa Ballylee huko Galway kwa pauni 35, akawa analala humo majira ya joto na familia yake, mto wa pembeni ukimtembelea sebuleni kila ulipofurika.

Iliyobaki mingi haina tiketi wala mwongozaji. Imesimama katikati ya mashamba ya watu, paa hakuna, mti umeota kileleni, na mvua ikinyesha ng'ombe huingia kujikinga chini ya lile dari lenye alama za fito.